Mlima Hupunguza, na Bonde Nalo Hupunguza

Kibao cha kilele cha Uhuru kinasema mita 5,895. Namba hiyo ilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Ndiyo inayofundishwa shuleni, na ndiyo inayopigwa picha na kila anayefika juu. Mwaka 1999 wapimaji wa Tanzania na Ujerumani walipanda na vipokezi vya GPS, wakapata mita 5,892.55. Mwaka 2008 timu nyingine ya kimataifa ilipanda tena, safari hii ikipima na uvutano wa Dunia njiani, ikatoa mita 5,890.79.

Mlima haukuzama mita nne katika miaka hiyo. Vifaa viliboreka, ni kweli, lakini hakuna kifaa kinachoweza kukwepa swali hili: mita hizo elfu tano na mia nane na ushei zinahesabiwa kuanzia wapi? Tunajibu kwamba kuanzia usawa wa bahari. Bahari yenyewe iko Tanga na Mombasa, kilomita karibu 300 kutoka hapo. Chini ya Kilimanjaro hakuna maji ya chumvi, wala hakuna mstari uliochorwa kwenye mwamba. Usawa huo unakokotolewa, na anayeukokotoa anagundua upesi kwamba anahitaji kujua mlima wenyewe unavuta kwa nguvu gani. Ili aujue urefu wa mlima, lazima kwanza aujue uzito wake.

GPS haijui bahari. Inahesabu mwinuko kutoka kwenye umbo laini la kihesabu, duara lililobonyezwa kidogo nchani, ambalo wapima ardhi huliita elipsoidi. Juu ya elipsoidi hiyo, kilele cha Uhuru kilipatikana kuwa na mita 5,875.50. Mita 15 na ushei zilizobaki kufikia 5,890.79 zimetoka kwenye umbo la pili, la jeoidi, ambalo katika eneo lile liko chini ya elipsoidi. Jeoidi ni uso ambao bahari ingeufuata kama tungechimba mifereji kupita chini ya mabara na kuyaacha maji yatulie bila upepo, bila mawimbi, bila kupwa na kujaa. Maji yaliyotulia hutii uvutano peke yake. Palipo na masi nyingi yatavutwa na kuvimba, palipo na upungufu yatabonyea.

Mlima ni masi nyingi. Tuukadirie kwa hesabu ya daftarini: koni yenye kimo cha mita 4,500 kutoka tambarare za Moshi, nusu kipenyo kilomita 30, iliyojaa mwamba wa kawaida wa kilo 2,670 kwa mita ya ujazo. Ukikokotoa mvuto wa koni hiyo unapata kwamba, pale kileleni, inatosha kuuinua uso wa maji kwa mita kama 6 na nusu. Hesabu hii haijagusa kilicho chini kabisa ya mlima, na tutaona kwamba kilicho chini nacho kina neno lake. Lakini inaonyesha ukubwa wa jambo. Watu wanabishana juu ya mita mbili au nne za urefu wa Kilimanjaro, ilhali mlima wenyewe unaweza kusogeza sifuri ya kuhesabia kwa zaidi ya hapo.

Wa kwanza kulishika tatizo hili kwa mikono yake alikuwa Mfaransa Pierre Bouguer. Alikwenda Andes, katika nchi inayoitwa leo Ekuado, pamoja na La Condamine na wenzao, katika msafara ulioondoka Ufaransa mwaka 1735 kupima umbo la Dunia karibu na ikweta. Alibeba pendulumu. Pendulumu hubembea polepole zaidi pale uvutano unapopungua, na Bouguer aliona kwamba huko Quito, juu milimani, ilibembea polepole kuliko pwani. Hilo alilitarajia, kwa sababu ukipanda unakuwa mbali zaidi na kitovu cha Dunia. Lakini upungufu aliouona ulikuwa mdogo kuliko ule ambao kupanda peke yake kungeuleta. Kuna kitu kilikuwa kinarudisha sehemu ya uvutano uliopotea, na kitu hicho kilikuwa mwamba wa uwanda wa juu chini ya miguu yake.

Hesabu yake bado inatumika kila siku, ila kwa namba safi zaidi. Uvutano hupimwa kwa miligali, kipimo kilichopewa jina kwa heshima ya Galileo, na miligali moja ni kama sehemu moja ya milioni ya uvutano wote unaotushika ardhini. Kwa kila mita unayopanda unapoteza miligali 0.3086. Kwa kila mita ya mwamba iliyo chini yako, ukiichukulia kama bamba bapa lisilo na mwisho, unarudishiwa miligali 0.1119. Bamba hilo linaitwa bamba la Bouguer mpaka leo. Mtu aliyepanda Kilimanjaro kutoka baharini amepoteza miligali zaidi ya 1,800 kwa urefu, na mwamba umemrudishia mamia kadhaa.

Kasoro iko katika neno "bapa". Kilimanjaro si bamba. Uchukue mlima kama bamba na utapata kwamba mita 4,500 za mwamba zinavuta kwa miligali 504 hivi. Uchukue kama koni, na mvuto unashuka hadi miligali 429. Miligali 75 za tofauti hazikuwahi kuwepo, kwa sababu bamba limejaza mwamba pale ambapo pana hewa tupu, kutoka Shira mpaka mbali juu ya Moshi. Gravimita ya leo, yaani chombo cha kupimia uvutano, husoma mpaka sehemu ya mia moja ya miligali. Kosa la umbo pekee ni mara elfu saba na mia tano ya kile ambacho mashine inaweza kukiona.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wa jiofizikia hulikataa siku ya kwanza. Simama chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ukuta uko juu yako, una mwamba mwingi, na mwamba huvuta. Utadhani uvutano umeongezeka. La. Mwamba ulio juu ya kichwa chako unakuvuta kwenda juu na pembeni, na mvuto wa kwenda juu unapunguza kile ambacho gravimita inasoma. Sasa panda, usimame ukingoni, bonde likiwa chini yako. Hapa hakuna kitu juu yako. Lakini bamba la Bouguer limechukulia kwamba ardhi inaendelea bapa pande zote, hivyo limehesabu mwamba kule ambako bonde lilishauondoa. Mwamba usiokuwepo hauwezi kukuvuta chini, na kipimo chako kinatoka pungufu kuliko bamba linavyodai. Mlima umepunguza, bonde limepunguza. Kwa ukuta mrefu wa mita 100, marekebisho ni yale yale ukisimama juu au chini: kama miligali 5 na nusu, ya kuongeza. Marekebisho ya umbo la ardhi karibu yote yana alama ya kujumlisha, ndiyo maana ukiyaacha makosa hayafutani. Yanarundikana upande mmoja.

Kuna njia ya pili ya kuuona mvuto wa mlima, nayo haitumii pendulumu bali timazi, ile ile ya fundi mwashi. Bouguer aliijaribu Desemba 1738 kwenye Chimborazo. Ikiwa mlima unavuta, timazi iliyotundikwa ubavuni mwake haitaelekea chini kabisa. Itavutwa kidogo kuelekea mlimani, na nyota zitaonekana kana kwamba zimesogea. Alitarajia kuona mkengeuko wa dakika 1 na sekunde 43 za pembe. Alipata kama sekunde 8 tu, katikati ya baridi na upepo vilivyowatesa. Alisema wazi kwamba vipimo vyake havitoshi, akashauri jaribio lirudiwe kwenye mlima mzuri huko Ulaya.

Mlima huo ukawa Schiehallion, Uskochi. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mnajimu wa mfalme wa Uingereza, alipima nyota kutoka upande wa kusini na kisha upande wa kaskazini, akapata kwamba mvuto wa mlima uliongeza sekunde 11.6 kwenye tofauti ya timazi hizo mbili. Kwa mlima unaozidi kidogo mita 1,000, hilo ni tokeo la kustaajabisha. Lakini, kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi haikufanywa mlimani. Ilifanywa mezani na Charles Hutton, aliyekabidhiwa vipimo vya umbo la mlima na kutakiwa kukokotoa unavuta kiasi gani. Alikuwa na rundo la sehemu zilizopimwa mwinuko, na ili aone umbo lililojificha ndani ya namba hizo, aliunganisha kwa mistari sehemu zenye mwinuko sawa. Ni miongoni mwa mistari ya kontua ya mwanzo kabisa kutumiwa kuonyesha umbo la nchi kavu. Ukiishika ramani yoyote ya mwinuko, kuanzia ya Usambara hadi ya Rwenzori, umeshika chombo ambacho Hutton alikihitaji ili aweze kuondoa mlima kwenye hesabu ya uvutano.

Mwaka 1778 Hutton alitangaza kwamba Dunia kwa wastani ina densiti mara 4.5 ya maji. Leo tunajua ni 5.5. Sehemu ya kosa hilo ilitokana na mwamba: Hutton alikadiria tu densiti ya mawe ya Schiehallion. John Playfair alipokwenda kuchunguza miamba yenyewe mwaka 1801, makadirio yalipanda yakawa karibu zaidi na ukweli.

Udhaifu huo haujatutoka. Wapimaji duniani kote hutumia kilo 2,670 kwa mita ya ujazo kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilhali ni wastani unaofaa zaidi mawe magumu ya mabara. Kilimanjaro ni volkano. Ina tabaka za lava, lakini pia za majivu na mawe yenye matundu. Ikiwa densiti ya kweli ni kilo 2,400, ile koni yetu inapoteza zaidi ya miligali 40 za mvuto, bila umbo lake kubadilika hata kidogo. Dawa moja nzuri niijuayo ilitolewa na L. L. Nettleton mwaka 1939: pima uvutano ukivuka kilima kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha rekebisha kwa densiti mbalimbali. Densiti iliyo ndogo mno itaacha matokeo yakiwa na umbo la kilima. Iliyo kubwa mno itaacha kilima kilichogeuzwa juu chini. Ile inayofuta kilima kabisa ndiyo ya kukubali. Kilima chenyewe kinatoa ushahidi juu ya mwamba wake, na hakuna maabara inayohitajika.

Vipimo vya mapema vya uvutano katika eneo letu ni vya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1899 na 1900 Wajerumani Kohlschütter na Glauning walizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani na pendulumu, vyombo dhaifu vikibebwa mabegani mwa wapagazi. Tofauti ya miligali moja huichelewesha au kuiwahisha pendulumu kwa sekunde 0.04 hivi kwa siku nzima, kwa hiyo mtikisiko mmoja wa mzigo ungeweza kuharibu safari yote. Mwaka 1933 na 1934 akaja Edward Bullard kutoka Cambridge, na taarifa yake ndefu, iliyotoka mwaka 1936, ni msingi wa kila kilichofuata kuhusu uvutano wa Bonde la Ufa.

Bullard alikuta tatizo ambalo Bouguer hakulazimika kulitatua kikamilifu. Ukihesabu milima ya mbali, bamba bapa halitoshi kwa sababu Dunia ni duara, na mlima ulio kilomita 150 umeshaanza kuzama chini ya upeo wako. Akagawa marekebisho hatua tatu: bamba, kisha mviringo wa Dunia hadi kilomita 166.7, kisha umbo halisi la ardhi. Wapimaji bado huziita kwa jina lake. Baada ya kuondoa yote hayo, uwanda wa juu wa Afrika Mashariki ulibaki na upungufu wa zaidi ya miligali 100. Yaani baada ya kuiondoa milima kwa haki, kulikuwa na kitu chepesi kilichojificha chini.

Fikra ya kitu chepesi chini ya nchi ya juu ilikuwa imezaliwa India. Mwaka 1855 John Pratt alikokotoa kwamba Himalaya ingepaswa kukengeusha timazi kwa sekunde 15.885 kati ya vituo viwili vya upimaji; tofauti iliyoonekana ilikuwa sekunde 5.236. George Airy akapendekeza kwamba milima ina mizizi myepesi iliyozama kwenye kitu kizito zaidi. Kwa nchi yetu Bullard alitoa maelezo mengine: kwamba sakafu ya Bonde la Ufa imebanwa na kukandamizwa na kingo zake. Maelezo hayo yameachwa. Sasa tunajua ardhi hapa inatanuka, na wepesi ule unatokana na mwamba wa moto ulio chini. Lakini namba zake zimebaki, na zimebaki kwa sababu aliyarekebisha mabonde na milima kwa uaminifu. Nadharia ilianguka, kipimo kikasimama.

Baada yake Sigmund Hammer, mwaka 1939, alichapisha majedwali yaliyogawa ardhi inayozunguka kituo katika miduara, kuanzia mita 2 hadi karibu kilomita 22. Mpimaji alikadiria kwa jicho mwinuko wa sehemu za karibu, na kwa ramani zile za mbali. Kompyuta imechukua kazi ya mbali. Mwezi Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipiga picha za rada za sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na mwinuko wa Afrika ukapatikana kwa vipande vya mita 90, baadaye mita 30. Hiyo ni neema kubwa. Bado, kipande cha mita 30 hakioni korongo la mita 5 lililo kando ya kituo, wala tuta la barabara, wala jabali ambalo mpimaji ameegemea. Na vilivyo karibu ndivyo vinavyovuta zaidi kwa ukubwa wao. Wapimaji wanaotafuta jotoardhi kwenye makorongo ya Olkaria wanalijua hili vizuri: mita za kwanza kuzunguka gravimita bado zinadai jicho la mtu.

Rada haioni chini ya maji pia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwenye ramani ya rada ni uwanda tambarare kabisa. Programu isiyoambiwa itajaza mwamba mahali penye maji. Juu ya sehemu pana yenye kina cha mita 1,000 kosa hilo linakaribia miligali 70, na litatafsiriwa kama jambo la ajabu chini ya ganda la Dunia, ilhali ni samaki na maji tu.

Kosa linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la barabara. Vipimo vya uvutano vya nchi kavu katika Afrika Mashariki vingi vilifanyika pale ambapo gari lilifika, na barabara hufuata mabonde. Tuseme katika eneo fulani la milima vituo viko, kwa wastani, mita 200 chini ya mwinuko wa wastani wa eneo zima. Ukirekebisha kimo peke yake, kisha ukachukua wastani wa vituo hivyo bila kuhesabu mwamba unaokosekana, umelipunguzia eneo hilo miligali 22. Kosa hilo linaingia kwenye jeoidi, na jeoidi ndiyo inayomwambia mhandisi maji yatatiririka kuelekea wapi anapotumia GPS kupanga mfereji. Prosper Ulotu, aliyetengeneza jeoidi ya Tanzania katika tasnifu yake ya mwaka 2009 huko Stockholm, aliliweka tatizo hili kwenye kichwa cha kazi yake: vipimo vichache, tena visivyolingana kwa wingi.

Wengi wanadhani setilaiti zimemaliza kazi. GOCE, ya shirika la anga la Ulaya, iliruka kwa kimo cha kilomita 255 hivi kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, na ilipima uvutano wa karibu dunia nzima kwa usawa ule ule, Kongo sawa na Uswisi. Ni kazi ya kifahari. Lakini mvuto wa vitu vidogo hufifia upesi ukienda juu, na kilichobaki kwa kimo hicho ni maumbo ya kilomita 80 au 100. Milima ya Uluguru yote inaingia ndani ya doa moja.

Kwa hiyo modeli za dunia zenye undani huchanganya vyanzo. EGM2008 inafikia maumbo ya kilomita 9 hivi. Modeli ya GGMplus ya mwaka 2013, iliyotengenezwa Australia, inashuka mpaka mita 200 na kuonyesha kwamba uvutano mdogo kuliko wote juu ya ardhi uko kwenye mlima Huascarán, Peru. Undani huo umetoka wapi katika nchi zisizo na vipimo? Kwenye umbo la ardhi. Waundaji walichukua ramani za mwinuko, wakajaza milima mwamba wa densiti ya kudhaniwa, wakakokotoa mvuto ambao ungepaswa kuwepo. Hawakuficha; wameandika wazi. Na kwa jeoidi ni njia halali, tena bora kuliko kuacha patupu: unaondoa mvuto wa ardhi kwenye vipimo, unakokotoa kilichobaki ambacho ni laini, kisha unarudisha mvuto wa ardhi mahali pake.

Hatari huanza mtu anapoisahau asili ya namba hizo. Anapakua ramani ya uvutano ya Rukwa au Kivu, anaona madoa yenye undani, anayaondolea mvuto wa milima kwa ramani ile ile ya mwinuko, kisha anatafuta madini au mafuta kwenye mabaki. Ametoa kile kilichowekwa. Pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kuweka gravimita, milima imejibu swali lililoulizwa kwa milima, na majivu ya volkano yameandikwa kuwa granito kwa sababu jedwali lilisema 2,670.

Njia za kuziba mapengo zipo. Ethiopia, nchi ya miinuko na makorongo kuliko zetu, ilipimwa uvutano kwa ndege kati ya mwaka 2006 na 2008. Ndege haifuati barabara. Inavuka kilele na bonde kwa mstari mmoja, ingawa kwa kimo chake nayo inalainisha maumbo madogo. Yaliyobaki yanataka miguu: mtu, gravimita na kipokezi cha GPS juu ya migongo ya Usambara, Udzungwa, Livingstone na Rwenzori, mbali na lami, kituo kimoja kileleni kwa kila kituo kilichopo bondeni, na kila kimoja kikiandikiwa aina ya mwamba uliopo na umbo la ardhi ndani ya mita hamsini za kwanza.